Loshoro Si Saruji

Jibu lilifika dakika mbili tu baada ya picha kupandishwa. Mteja mmoja wa ofisini, mtu wa utani, aliitazama status ya WhatsApp akaandika: “Dada, siku hizi unauza na saruji?”

Haikuwa saruji. Ilikuwa loshoro ya shangazi: mahindi yaliyokobolewa na ndizi, vimechemshwa mpaka vikalegea, vikapondwa kwa mwiko, kisha vikamiminiwa maziwa mgando. Nyumba moja huzidisha mahindi, nyingine huzidisha ndizi, na ukitaka kuchelewa safari yako uliza mbele ya wazee ipi ndiyo loshoro yenyewe. Rangi yake ni ya maziwa yaliyokaa, nyeupe yenye joto kidogo. Simu ndiyo iliyoigeuza kijivu, na aliyeishika simu hiyo ni mwandishi wa kumbukumbu hizi.

Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupika chakula cha mchana nyumbani na kukisambaza ofisini, kuanzia jirani na Mnara wa Saa hadi Sekei. Hakuwa na banda wala kibao cha barabarani. Duka lake lilikuwa picha moja asubuhi, ikae kwenye simu za watu mpaka njaa ya saa sita iwakute. Jumamosi alipanda Akheri, juu ya Tengeru, kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba. Siku hiyo ni ya gulio la Tengeru, kwa hiyo ndizi, maziwa na mnafu vilipatikana vibichi kabisa. Tena kwa mapishi ya kienyeji shangazi huyo hana mpinzani kijijini, walau kwa maneno yake mwenyewe.

Picha ya saruji ilipigwa kwa adabu zote. Chakula kilitolewa jikoni kikapelekwa sebuleni, kama anavyofanyiwa mgeni. Shangazi alitandika kitambaa cha kudarizi, akafungua kabati la vioo, akatoa sahani ya maua ambayo hata watoto wa nyumba ile hawajawahi kulia. Taa ya dari ikawashwa mchana kweupe. Mwandishi akasimama juu ya sahani kama hakimu, akawasha flashi, akapiga.

Ukiitazama picha hiyo leo, makosa yamepangana kama watoto kwenye foleni ya shule. Flashi ya simu imekaa sentimita moja kutoka kwenye lenzi, hivyo mwanga wake unaenda moja kwa moja kule kule simu inakotazama, na vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe. Sasa, kivuli ndicho kinacholiambia jicho kwamba punje hii imevimba na ile imebonyea. Kivuli kikiondoka, loshoro inabaki uji uliomwagwa juu ya meza. Balbu ya njano kutoka juu ilikuwa ikigombana na mwanga wa samawati kutoka dirishani, kwa hiyo upande mmoja wa sahani ulikuwa na homa ya manjano na mwingine ulikuwa na baridi. Halafu kuta za sebule zilipakwa rangi ya kijani. Ukuta wa kijani hurudisha mwanga wa kijani, na kitu cheupe hupokea kila unachokirushia.

Kosa kubwa lilikuwa la ndani zaidi, na lilimchukua miezi kulijua. Kamera haijui loshoro. Kipimo chake cha mwanga kimejengwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, ukichukua wastani wake, hurudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, yaani kijivu cha katikati. Ikipewa chakula cheupe kwenye sahani nyeupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na weupe unakuwa kijivu. Ikipewa maharage kwenye sufuria nyeusi inafanya kinyume: inadhani ni giza, inaongeza, na maharage yanatoka rangi ya tope la masika. Simu za siku hizi zimeerevuka kidogo, lakini tabia hiyo haijaziisha. Dawa yake haina gharama. Unagusa chakula kwenye kioo, kialama cha jua kinajitokeza, unakivuta juu au chini kwa kidole. Ugali, wali na loshoro, vuta juu. Maharage, nyama ya kukaanga na dagaa, vuta chini. Wapishi wangapi wa Arusha wanapiga picha kila siku na hawajawahi kukigusa kijua hicho? Mwandishi alikuwa mmoja wao.

Alipoanza kutafuta maarifa, alikuta mengi yameandikwa kwa ajili ya watu wa mbali. Nunua taa mbili, nunua mwavuli mweupe, nunua mbao za mninga za kuwekea sahani. Akaruka yote hayo akashika ushauri mmoja uliokuwa bure: tumia dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu mwanga wake ni mtulivu siku nzima.

Kuijua kaskazini ukiwa Arusha hakuhitaji dira. Unatafuta mlima. Meru, wenye mita 4,562, umesimama kaskazini mwa jiji, na wenyeji husema tu “juu” na “chini” wakaelewana: juu ni mlimani, chini ni nyikani. Kwa hiyo alihamishia meza kwenye dirisha la mlimani, nyumbani kwake Moshono, akaandaa ndizi nyama, akasubiri utulivu alioahidiwa. Ilikuwa Juni. Wingu lilipofunguka karibu na saa tano, jua likaingia kwa dirisha hilo hilo, likapita katikati ya nondo, likachora mistari myeusi juu ya sahani. Ndizi zikaonekana zimefungwa jela.

Ushauri haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa Ulaya. Kule jua halipiti kaskazini mchana hata siku moja, ndiyo maana wachoraji wao walijenga vyumba vya kazi vyenye madirisha ya upande huo. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa mlima. Miezi iliyobaki hupita upande wa nyika. Siku zile mbili za kubadilishana linasimama utosini, na mtu akisimama wima anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Tena halifiki huko juu saa sita kamili. Saa za Tanzania zimewekwa kwa nyuzi 45 za mashariki, ilhali Arusha iko karibu na 37, kwa hiyo adhuhuri ya kweli huchelewa hadi saa sita na nusu hivi. Yule anayepiga picha ya chakula cha mchana barazani ili kiwahi wateja anaipiga katika mwanga mbaya kuliko wote wa siku.

Tangu hapo mwandishi ana kalenda yake, imebandikwa ndani ya kabati la vyombo. Juni, Julai na Agosti meza inakaa dirisha la chini, la nyikani. Novemba hadi Januari inahamia dirisha la mlimani. Miezi ya katikati anatazama nje kwanza. Haijawahi kumwangusha, ingawa mume wake alichoka kugongana na meza kila msimu.

Lakini hayo bado yalikuwa mambo ya sebuleni. Jiko alilijua baadaye, na alilijua kwa sababu umeme ulikatika.

Ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Mvua ilipiga bati mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara, mawingu yakashuka hadi kwenye migomba, na sebule ikawa giza kama saa moja jioni. Taa haikuwaka. Mwandishi aliifuata harufu ya mtori hadi jiko la nje, chumba cha matofali chenye bati, mlango mmoja na kidirisha kisichozidi upana wa sinia. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya ndizi mshare, na mtori wa kwanza ulikuwa umeshaepuliwa umewekwa juu ya jiwe. Mwanga wa mlangoni ulimpiga ubavuni, ukapita juu ya mdomo wa sufuria, ukaishia hapo. Nyuma yake palikuwa na ukuta uliopakwa masizi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mvuke ulipanda polepole, mweupe, ukijikunja mbele ya weusi ule.

Alipiga picha moja bila kuomba.

“Futa hiyo,” shangazi alisema, hata hajainua macho.

“Shangazi, hata hujaiona.”

“Nimeona ulikoelekeza simu. Unataka watu wa mjini waone masizi yangu? Waseme shangazi yako anapikia pangoni? Chakula kikiiva kinapelekwa mezani, ndiyo kinapigwa picha. Nani alikufundisha kuonyesha wageni jikoni?”

Swali hilo lilikuwa na haki yake. Katika nyumba nyingi za Kitanzania jiko si mahali pa kutembeza watu, na mwanamke hupimwa kwa sebule yake. Mwandishi alipiga goti kidogo, akampa simu kwa mikono miwili. Shangazi alifuta vidole kwenye khanga, akavaa miwani, akaitazama picha muda mrefu kuliko alivyotarajiwa. Ukuta haukuwepo. Penye masizi palikuwa na weusi mtupu, kama kitambaa cha mahameli, na mbele yake mtori ulikuwa unafuka.

“Mbona huu unaonekana wa moto?” aliuliza. Kisha, kabla ya kujibiwa: “Lakini hiyo sufuria haijasuguliwa. Subiri.” Akaita mjukuu alete majivu na maji.

Kilichotokea mle jikoni kinaelezeka bila uchawi. Macho ya binadamu yanaweza kuona ukungu wa mlangoni na kona ya giza kwa wakati mmoja. Simu haiwezi kwa kiasi hicho. Ukiiambia ipime mwanga wa chakula kilicho karibu na mlango, kila kilicho nyuma kinazama gizani: masizi, kamba ya nguo, ndoo ya plastiki, viatu vya mvua vya babu. Mwanga unatoka upande mmoja tu, kwa hiyo kila punje ina upande wa nuru na upande wa kivuli. Mvuke nao hauonekani mbele ya ukuta mweupe wala chini ya flashi. Unataka mwanga unaotoka kando au nyuma kidogo, na kitu cheusi nyuma yake. Baridi ya mlimani inausaidia. Mambo ambayo wenye studio hununua kwa fedha, yaani kuta nyeusi, chanzo kimoja cha mwanga na baridi, shangazi alikuwa nayo na alikuwa akiyaonea aibu.

Mjapani Jun'ichirō Tanizaki alishabishana na aibu ya namna hiyo mwaka 1933, katika insha yake ya kusifu vivuli. Hoja yake mojawapo ni kwamba chakula cha kwao, supu iliyomo kwenye bakuli jeusi la mti uliopakwa lakiri, kilibuniwa kuliwa katika nyumba zenye giza, na taa kali za umeme zinakipokonya nusu ya utamu. Mtori haukubuniwa chini ya balbu nao.

Hapa lazima breki ikanyagwe, maana masizi yanapendeza pichani kuliko kifuani. Ukuta ule ulipata rangi yake kutokana na moshi uliopita kwanza kwenye mapafu ya mtu. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034, na shangazi, aliyekohoa kila masika, hakungoja mkakati: watoto wake walimletea jiko la gesi la plati mbili. Kuni amezibakiza kwa makande na kwa vyungu vya sherehe. Kuta zimebaki nyeusi. Picha hazijapoteza kitu, isipokuwa sasa mpiga picha hatoki machozi.

Vifaa vya mwandishi vimekuwa vikiongezeka na kupungua kwa miaka, na karibu vyote vina kazi nyingine nyumbani. Cha kwanza ni chandarua. Kilikuwa cheupe, kimetoboka, hakifai tena kwa mbu. Kikafuliwa, kikakunjwa mara mbili, kikapigiwa misumari miwili juu ya mlango wa jiko. Jua ni kubwa kupita kiasi lakini liko mbali kiasi kwamba kwetu ni kisahani tu, na chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye makali ya kisu. Linapopita kwenye chandarua, chandarua chote kinawaka na kuwa chanzo kipya, kipana kama mlango, na makali yanalainika. Wingu la Julai hufanya kazi hiyo hiyo kwa anga zima, bure, na Arusha ina asubuhi nyingi za namna hiyo wakati wa kipupwe.

Cha pili kilikuwa mfuniko wa sufuria, ule wa alumini unaong'aa. Aliushika upande wa pili wa sahani ili urudishe mwanga kwenye kivuli. Ulifanya kazi kwa fujo: ulirusha vipande vya nuru huku na huko, kimoja kikampata mjukuu jichoni. Akaenda kwenye duka la vifaa vya shule akanunua manila mbili, nyeupe na nyeusi. Nyeupe, ikisimamishwa kwa kuegemea kopo upande wa kivuli, hurudisha mwanga taratibu. Nyeusi hunyonya. Watu wengi hawafikirii kwamba mwanga unaweza pia kupunguzwa, lakini mnafu wa kijani kizito, wenye mafuta yanayometameta, hupata sura pale manila nyeusi inapowekwa ubavuni mwake.

Cha tatu ni kopo la kilo moja lililojazwa mchele, ambamo simu huchomekwa wima, na saa ya kamera huwekwa isubiri sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Gizani simu huacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi, na hapo hata pumzi ya mpigaji huonekana. Halafu kipande cha khanga ya zamani cha kufutia lenzi. Hiki kingewekwa cha kwanza kama orodha ingekuwa ya haki. Mpishi hushika simu kwa vidole vya mafuta, mafuta yanatanda kwenye lenzi, na kila picha inatoka na ukungu ambao mwenyewe huulaumu umri wa simu. Mwandishi aliwahi kufikiria kubadilisha simu nzima kwa kosa la tone la mafuta ya alizeti.

Kuhusu umbali, alijifunza kwa kuhamisha kigoda. Mwanga wa balbu ndogo hupungua kwa kasi ya kutisha: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na robo, si nusu. Mlango ni mpana, kwa hiyo hupunguza kwa huruma zaidi, lakini hatua moja au mbili kutoka kizingitini bado ni tofauti kati ya mtori uliochangamka na mtori uliosinzia. Simu yenyewe nayo ina ujanja wake. Lenzi kuu za simu huona upana mkubwa, na ukiisogeza karibu sana, kilicho mbele kinavimba. Chapati ya mbele ilishawahi kutoka kubwa kuliko sinia lililoibeba. Sasa yeye hurudi nyuma hatua mbili, anakuza mara mbili, anapiga.

Chakula cha Meru na Arusha kina tabu yake mahususi, na heri isemwe wazi: kingi ni cha rangi ya kahawia, kijivu au krimu, na kingi kimepondwa. Makande, mtori, kiburu cha majirani wa Kilimanjaro, loshoro yenyewe. Wapiga picha wa mbali wamezoea kuokoa sahani kama hizo kwa kumwagia majani mabichi. Mwandishi naye alijaribu, akanyunyiza giligilani juu ya makande.

“Makande na giligilani wapi na wapi?” shangazi akasema, akayaokota moja moja. “Mtu akija hapa akakosa hayo majani, si atasema nimempunja?”

Majani yakaondoka, na makande yakalazimika kupendeza kwa nguvu zake yenyewe. Yanaweza. Mwanga ukilala chini, ukatoka ubavuni saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, kila punje ya mahindi inapata tumbo na kila haragwe linapata ngozi. Simu ishuke nayo, iwe karibu usawa wa sahani. Kupiga kutoka juu kabisa kunafaa vitu bapa vyenye mpangilio, kama sinia la pilau au chapati zilizokunjwa. Makande ukiyatazama kutoka juu ni changarawe. Rangi, ikitakiwa, itolewe mahali inapotoka siku zote: kipande cha parachichi pembeni, ambalo Meru halina msimu wa kukosa heshima, pilipili moja nyekundu, au kitenge chini ya bakuli. Miriam Kinunda katika kitabu chake Taste of Tanzania, na Kaluhi Adagala kule Kenya katika blogu yake Kaluhi's Kitchen, walishaonyesha kitambo kwamba chakula cha Afrika Mashariki hakihitaji nguo za kuazima.

Mtori ulileta kesi nyingine. Nyama huzama. Unapakua bakuli zuri, unaweka kifupa juu, unageuka kuchukua simu, kifupa kimekwenda chini na umebaki na ziwa Duluti. Mwandishi alibuni hila: akageuza kisosi kifudifudi ndani ya bakuli, akamimina mtori juu yake, nyama ikakaa juu kama mfalme. Aliona fahari hadi aliposoma kwamba wazo hilo lina rekodi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani, matangazo ya supu ya Campbell's yalipigwa picha gololi za kioo zikiwa chini ya bakuli ili mboga zielee juu. Tume ya shirikisho ya nchi hiyo inayosimamia biashara ililiona hilo kuwa udanganyifu, na mwaka 1970 kampuni ikakubali amri ya kuacha. Wenzao wa studio za matangazo walikuwa wakifanya makubwa zaidi, gundi nyeupe badala ya maziwa, mafuta ya injini badala ya asali. Kwa shangazi habari hizo zilikuwa kichekesho na laana kwa pamoja. Chakula hakichezewi, na kwake kila kilichopigwa picha lazima kiliwe, tena na watu wenye njaa waliosimama pale pale. Njia yake mwenyewe ilikuwa nyepesi: acha mtori upoe kidogo uwe mzito, kisha weka nyama mwisho. Nyama haikuzama.

Somo la ukweli lilirudi kwa mlango wa biashara. Picha moja ya wali na kuku, iliyopigwa kwa karibu, ilifanya paja lionekane la bata mzinga. Wateja kumi na mmoja waliagiza. Mmoja alipopokea chakula chake aliandika ujumbe mfupi: “Pichani ilikuwa sahani. Hiki ni kisosi.” Hakuwa na kosa. Tangu hapo hakuna picha inayotoka bila kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake: kijiko, chupa ya pilipili, au mkono wa mtu. Mkono una faida ya ziada. Vidole vinavyomega ugali vinaeleza chakula chenyewe vizuri kuliko uma wowote uliopangwa.

Si kila mahali pana mlango wa kuokoa mambo. Kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani, waalikwa walikaa chini ya maturubai ya bluu, na pilau iliyopikwa kwa ustadi wa hali ya juu ilitoka pichani samawati kama sabuni ya unga. Alihangaika na mipangilio ya simu kwa nusu saa, huku pilau inapoa. Mpishi, mama mmoja mwenye sauti, akamwambia abebe sahani yake atoke nje. Hatua nne nje ya turubai, kwenye kivuli cha mparachichi, pilau ikarudi kuwa pilau. Alirudi ndani na jibu, lakini foleni ilikuwa imeshafika mwisho na nyama zimeisha.

Jumamosi moja ya Julai mwaka jana alipanda tena Akheri, mapema. Baridi ilikuwa ile ya kuvaa sweta mbili, mlima haukuonekana hata mguu wake, na ukungu mweupe ulikuwa umesimama mlangoni mwa jiko kana kwamba umetandikwa na mtu. Chandarua hakikuhitajika. Shangazi alikuwa amepika loshoro, safari hii kwa kuombwa. Alikuwa ameshasugua bakuli la mti, amesogeza kigoda hatua moja na nusu kutoka kizingitini, na manila nyeupe ameiegemeza mwenyewe kwenye dumu la maji, upande unaotakiwa.

Mwandishi alifuta lenzi, akagusa loshoro kwenye kioo, akavuta kijua juu. Ghafla kioo kikafifia. Wajukuu wanne walikuwa wamejaa mlangoni na vijiko mkononi, wameziba mwanga wote.

“Pisheni mwanga,” shangazi akawaambia. “Apige moja tu.”

Wakapisha kidogo, bega moja moja. Akapiga moja. Alipoinua macho kuitazama, bakuli lilikuwa limeshaondoka kwenye kigoda.